Chuma Hakimjui Mwizi

Bedan alikuwa mwoga, na hakuona haya kuwa mwoga. Akisikia lori la polisi likija kutoka Thika aliacha chakula chake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka lipite, hata kama karatasi zake zote zilikuwa sawa. Wenzake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, walimcheka. Mkewe, Waithira, hakucheka. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," aliwaambia. "Nyinyi mabingwa tutawatafuta mwaka ukiisha." Huo ulikuwa mwaka wa 1954, na mabingwa wengi walikuwa wameshapakiwa kwenye malori.

Shamba lilikuwa la mkonge, upande wa Gatuanyaga, ambako mvua ya Thika huchoka kabla ya kufika. Wakikuyu na Wakamba walikaa laini moja, nyumba zikitazamana, na kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa kwa ajili ya Mau Mau, mtu hakujali sana nani ni nani ila wakati wa kupika. Wakamba walitia ukwaju kwenye uji. Wakikuyu walisema huo si uji, ni dawa ya minyoo, kisha wakaomba kikombe. Bedan aliomba viwili.

Lakini sasa kulikuwa na sheria mpya, na moja ilijulikana hata na watoto wanaochunga mbuzi. Mtu akikutwa na risasi, hata moja, hata kama hana bunduki ya kuitia, anaweza kunyongwa. Hayakuwa maneno ya kutisha watu. Watu walikuwa wananyongwa.

Basi Jumatatu moja asubuhi Wainaina akatoka kibandani kwake akipiga kelele kwamba risasi yake moja haipo.

Wainaina alikuwa homgadi, kijana wa Limuru aliyepewa bunduki na serikali akaletwa kulinda shamba. Alikuwa na sauti kubwa na alipenda kuzitoa risasi zake mfukoni na kuzisugua kwa shati, moja baada ya nyingine, wasichana wakipita. Jumamosi alikuwa ameketi akizisugua pale kwenye nyaya, mahali ambapo nyuzi za mkonge huanikwa zikauke. Waliokuwa wakianika karibu naye walikuwa wawili, Bedan na Mkamba mmoja aitwaye Kimeu. Hakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo. "Mmoja wao amechukua!" alipiga kelele, na hakunyamaza tangu jua lilipochomoza.

Nyapara Muigai alitetemeka kuliko wote. Mzungu wa shamba alikuwa Nairobi, na inspekta wa polisi alikuwa anakuja saa nane kukagua silaha. Risasi isipopatikana, wanaume wote wa Kikuyu wangepakiwa kwenda kambi ya kizuizini ya Manyani, wanawake na watoto warudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, na yeye nyapara awe wa kwanza kupanda lori. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo siku nyingine angelikataa kwa jina la kanisa. Akamwita Mzee Gichuru, mjuzi wa desturi za zamani, na kumwomba apashe panga moto.

Kulamba chuma ilikuwa desturi ya tangu mababu. Panga linawekwa kwenye makaa mpaka liwe jekundu, na anayeshukiwa analilamba mara moja mbele ya watu. Ulimi wa mwongo unaungua. Ulimi wa mkweli unatoka mzima. Wanaolamba hawali wala hawanywi maji tangu asubuhi, na midomo yao hukaguliwa wasifiche majani ya dawa. Na ili mtu asishtaki wenzake ovyo, mshitaki naye hulamba, wa mwisho. Wainaina alikubali huku akicheka.

"Anayeungua tutampa inspekta," alisema Muigai. "Wengine tutabaki."

Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Siku hiyo liliharibika wazee wakiwa palepale.

Waithira alimtazama mumewe alivyokalishwa chini karibu na moto. Jana yake walikuwa kanisani pamoja. Asubuhi alikuwa amemuuliza mara moja tu, "Baba Wangeci, umechukua?" naye akasema, "Sijaiba kitu cha mtu." Alimwamini. Lakini sasa midomo ya Bedan ilikuwa imekuwa myeupe, na alikuwa akijaribu kumeza mate na koo linapanda na kushuka bure. Waithira aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Mumewe hakuwa mwizi, lakini sura yake ilikuwa ya mwizi kabisa.

Mwongeli, mke wa Kimeu, alimvuta mkono wakaenda nyuma ya choo. Alikuwa na mimba kubwa na alihema kwa shida.

"Sikiza, Mama Wangeci. Baba yangu ni mhunzi huko Yatta. Mimi nimekulia kwa moto. Ile chuma haijui mwizi."

"Inajua nini basi?"

"Inajua mate. Ukitemea chuma iliyowaka sana, mate haikauki saa hiyo hiyo. Inakuwa duara kama shanga, inateleza, kwa sababu mvuke umeibeba. Baba alikuwa analamba kisu chekundu mbele ya wateja, anacheka nao. Halafu siku moja alikuwa na homa, mdomo umekauka, akalamba hivyo hivyo. Hakuongea mpaka mavuno."

Waithira alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza. "Na mtu akiogopa..."

"Mate inaisha. Ndiyo hiyo. Mwizi mwenye moyo mgumu anapita. Mtu wa Mungu mwenye hofu anaungua. Na wangu anaogopa, na wako ndiyo usiseme."

"Woi! Twende tumwambie Mzee."

"Tumwambie nini? Kwamba kazi yake yote ni ya mate? Leo, mbele ya watu? Atasema tunaficha wezi, na sisi tulambe."

Kule mbele walisikia Mzee Gichuru akipuliza makaa. Mwongeli aliingiza mkono kifuani akatoa maganda mawili ya ukwaju mbichi, yale ambayo mama yake alimtumia kwa ajili ya mimba. Alivunja moja, akaliuma palepale, uso wake wote ukajikunja, jicho moja likafumba.

Waithira alijikuta anameza mate.

"Umeona?" alisema Mwongeli. "Na wewe hujaonja kitu."

Wakaenda kusimama mbele kabisa, mkabala na waliokaa chini, mahali ambapo mtu akiinua macho kutoka kwenye panga hana pengine pa kutazama. Waithira alitia ukwaju mdomoni. Ulimi wake mwenyewe ulikuwa mkavu kwa woga, lakini ukwaju hauombi ruhusa. Aliuuma, akaufyonza kwa kelele, akakunja uso.

Muigai aligeuka. "Nyinyi wanawake mnakula? Saa kama hii?"

"Ni mimba, nyapara," alisema Mwongeli. "Mimba haijui saa."

"Na huyu mwingine?"

"Namsaidia," alisema Waithira.

Mtu mmoja alicheka huko nyuma, kicheko kifupi cha hofu. Mzee Gichuru aliinua panga kutoka kwenye makaa. Lilikuwa jekundu mpaka karibu na mpini, na hewa juu yake ilikuwa ikichezacheza. Alimwambia Bedan afungue mdomo, akaingiza kidole kuangalia, hakukuta majani.

Bedan hakuwa akimwona mkewe. Alikuwa akilitazama panga. Waithira alitaka kumwita jina lakini hakuthubutu, kwa hiyo akafyonza ukwaju kwa nguvu zaidi, ule mlio wa ulimi kwenye kaakaa ambao mtu mzima huona aibu kuutoa mbele ya watu. Bedan akainua macho. Akamwona mkewe amefumba jicho moja, mashavu yameingia ndani, maji ya ukwaju yakimtoka pembeni mwa mdomo. Kwa nukta moja alionekana kama mtu aliyeudhika. Kisha koo lake likapanda, likashuka, na safari hii lilimeza kitu.

"Lamba," alisema Mzee.

Alilamba. Kulikuwa na sauti ndogo, chss, na harufu ya chuma. Mzee akamshika kidevu, akautazama ulimi juu na chini, akawaonyesha watu. Ulikuwa mzima.

Waithira hakuweza kupiga kigelegele. Alimwegemea Mwongeli, ingawa Mwongeli ndiye mwenye mimba. Kimeu alikuja wa pili. Huyo alikuwa ameshamwona mkewe zamani, na alikuwa anameza mate mfululizo mpaka Mzee akamwambia atulie. Akalamba. Ulimi mzima.

Akabaki Wainaina. Mzee hakulirudisha panga kwenye makaa, kwani mshitaki alikuwa wa desturi tu, na lilikuwa limeanza kupoteza wekundu. Wainaina hakucheka tena. Alikuwa amepayuka tangu alfajiri bila tone la maji, na sasa alikuwa ameona jambo ambalo hakulitegemea: wote wawili wamepita. Ikiwa hawa hawakuiba, risasi iko wapi, na nani ataulizwa? Alipitisha ulimi kwenye midomo ukanata. Akatazama mbele, akawaona wanawake wawili wanaofyonza.

Waithira hakumpenda Wainaina. Hakuna aliyempenda. Lakini hakumtakia mtu ulimi wa kuungua, na ukwaju ulikuwa bado mdomoni. Akaukunja uso tena, kwa ajili yake. Haikusaidia. Mti ule hauoti katika baridi ya Limuru, na Wainaina hakuwa ameonja ukwaju maisha yake yote. Alichokiona ni mwanamke anayemfanyia dhihaka.

Alilamba. Ulimi uling'ang'ania chuma. Alipouvuta, sauti iliyomtoka ilifanya watoto wakimbie.

"Chuma kimesema!" alisema Muigai, na watu wakavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ati ameiuza mwenyewe kwa Mau Mau msituni! Ati ndiyo sababu alikuwa anapiga kelele kuliko wote! Watu waliookoka huwa na maneno mengi. Walimfunga Wainaina mikono kwa kamba ya mkonge, wakamweka kwenye mlango wa stoo angoje inspekta. Alikuwa analia na kutikisa kichwa, na damu na mate vilimtoka, na alichosema hakuna aliyekielewa.

Nyumbani, Waithira alifunga mlango akacheka na kulia pamoja. Bedan hakucheka. Alikaa kitandani akatazama mto wa mtoto wao Wangeci, mto wa gunia uliojazwa mabaki ya mkonge.

"Iko humo," alisema.

"Nini iko humo?"

"Sikuiba, Mama Wangeci. Haki ya Mungu sikuiba. Ilianguka wakati alikuwa anasugua. Akaenda zake. Mimi nikaiona kwa nyasi, nikaiokota nimrudishie, halafu nikaona niko nayo mkononi. Nikasema, nikimpelekea, atasema niliiba. Nikiitupa, mtu ataniona natupa. Nikaiweka kwa mfuko, usiku nikaishona ndani ya mto, na nikashindwa kuitoa."

Waithira alipasua ushonaji wa mto kwa kisu. Ilitoka kati ya nyuzi, ndefu kama kidole, inang'aa. Wangeci alikuwa amelala juu yake usiku mbili. Waithira akakaa sakafuni.

"Tuitupe chooni," alinong'ona Bedan. "Chuma imenitoa makosani. Umeona mwenyewe."

"Chuma haikukutoa. Mimi ndiye nilikutoa, na Mwongeli, na ukwaju." Alimweleza kwa maneno machache, kwa hasira, kwa kuwa alikuwa na hofu na hakuwa na mwingine wa kumkasirikia. Bedan alisikiliza mdomo wazi. "Huyo kijana alikauka mate, basi. Ikienda chooni, saa nane atapelekwa kunyongwa kwa uongo wetu."

"Na ikitoka, nanyongwa mimi."

Alisema kweli, na ndiyo maana chumba kile kilikuwa hakina hewa. Waithira alifikiri. Risasi ilikuwa imeanguka yenyewe. Basi ianguke tena. Njia ya kutoka kwenye nyaya kwenda stoo ilikuwa njia ya Wainaina kila siku, na mtu akiikuta pale atasema, Kumbe, alidondosha. Wainaina atafunguliwa, na hakuna mwingine atakayeguswa.

Aliifunga ndani ya kilemba, akachukua mtungi kama mtu anayekwenda bombani. Watu watatu walimsalimia njiani, na kila salamu ilimfanya ahisi risasi ikimlemea kichwani. Kwenye njia aliinama kufunga upya kilemba chake, akaiacha idondoke kwenye vumbi, mahali peupe, jua likiipiga. Hakugeuka nyuma.

Saa sita wafanyakazi walirudi kula. Waithira alisimama mlangoni kwake, mahali ambapo njia yote inaonekana, akangoja mtu apige kelele ya furaha. Mtu wa kwanza alifika pale, akapunguza mwendo, akaiona. Waithira aliona jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Mtu yule akatazama mbinguni akapita. Wa pili aliiruka. Wa tatu, mwanamke mwenye mzigo wa kuni, alitoka kabisa njiani akapitia kwenye miiba. Laini nzima ilipita, watu waliokula naye na kuzika naye, na wote walikuwa vipofu. Alikuwa amesahau jambo moja tu. Ile hofu iliyomshika Bedan kwenye nyasi haikuwa ya Bedan peke yake.

Saa nane Land Rover ilifika na vumbi lake. Inspekta alikuwa Mzungu kijana, na alikuja na askari wanne. Muigai alimweleza huku ameshika kofia kwa mikono miwili. Watu walipangwa pande zote mbili za njia, na Wainaina akaswagwa katikati yao kwenda kwenye gari.

Akaiona. Alisimama ghafla, akainama kuielekea, mikono imefungwa nyuma, akatoa sauti. "Aaa! Aaa-i!" Ulimi ulikuwa umevimba umejaza kinywa. Askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki mgongoni. Wainaina akaanguka kwa magoti, akanyoosha kidevu kuelekea vumbini, akalia kama mtoto mchanga, na hakuna askari aliyetazama kidevu chake kilikoelekea. Wakamnyanyua. Miguu yake ilitimua vumbi, na vumbi likaifunika risasi nusu.

Waithira aliogopa mpaka masikio yakavuma. Alimfikiria Wangeci. Alifikiria Manyani, na kamba, na alitaka sana, kwa moyo wote, kuwa kipofu kama wenzake.

"Risasi hii hapa!" alipiga kelele.

Watu waliokuwa karibu naye walirudi nyuma kana kwamba amewamwagia maji ya moto. Akabaki peke yake, mkono umenyooka. Bunduki mbili ziligeuka zikamtazama. Inspekta alikuja polepole.

"Wewe naweka hapa?"

"Hapana, afande. Naiona tu. Huyu hupita hapa kila siku. Imemwanguka."

"Watu yote napita hapa leo." Inspekta alitazama upande huu na upande ule. "Yote! Iko mtu ingine naona hii risasi?"

Muigai alitazama kofia yake. Mzee Gichuru alitazama makaa yaliyozimika. Kimeu alimshika Mwongeli bega asisogee. 

"Basi wewe peke yako najua iko hapa," alisema inspekta. "Peke yako. Panda gari."

Bedan alitoka kwenye mstari. Alitembea kama mtu anayevuka mto ambao hajui kina chake, akaja akasimama kando ya mkewe. Suruali yake ilikuwa imeloa mpaka magotini na kila mtu aliona.

"Hata mimi naiona, afande," alisema. "Nimeiona tangu zamani. Niliogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Askari walitazamana. Inspekta alimtazama Bedan, akaitazama suruali, akawatazama watu wote waliokuwa wanatazama chini, na pengine kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii alielewa kile alichokuwa anakiona: kila mtu alikuwa ameiona risasi, na kila mtu alikuwa ameogopa. Akainama akaiokota mwenyewe. Akaipangusa kwa kidole gumba, akasoma namba za kitakoni, akaitia mfukoni.

Hakumwambia Waithira tena apande gari, na Wainaina akafunguliwa kamba. Walimpandisha kiti cha mbele, si nyuma, wampeleke hospitali. Gari lilipogeuka Waithira alitafuta mkono wa mumewe akaupata. Ulikuwa baridi, na wake pia, na walisimama hivyo hivyo njiani watu wengine wakiwazunguka.